Vuli Yetu Si Vuli Yao

Majuzi nilipata barua kutoka kwa mpwa wangu aliyeko Marekani. Baada ya salamu nyingi na kuuliza hali ya mama yake, akaeleza haja yake. Anakusudia kuja nyumbani mwezi wa Novemba pamoja na mkewe na watoto wao wawili waliozaliwa huko, na akifika hataki kukaa Nairobi wala Mombasa. "Mjomba," aliandika, "tumenuia kukodi gari tuzizunguke mbuga za jangwani mwishoni mwa vuli, kwa kuwa huo ndio wakati mzuri wa kuona jangwa. Tafadhali nipangie njia." Chini ya barua akaorodhesha: Meru, Kora, Arawale, hifadhi ya nyani wa Mto Tana, Tsavo Mashariki. Siku nane kwa jumla. Na katikati, kutoka Garissa hadi Garsen, ambako hakuwa na mbuga ya kutaja isipokuwa hizo mbili za kandokando, aliandika neno moja tu: "kupita."

Barua hii nimeisoma zaidi ya mara tatu, nikaona nisimjibu yeye peke yake, bali nijibu hapa ukurasani, kwa sababu kosa lililomo si la mpwa wangu tu. Kila mwaka wako watu, wageni na wenyeji wa nchi hii, ambao hupanga safari za nyika kwa kufuata kalenda ya nchi nyingine. Wahenga wetu wa mwambao, waliokuwa mabaharia, walituachia onyo fupi: usisafirie nyota ya mwenzio. Katika barua ya kijana huyu naona maneno matatu ambayo hapana budi yasahihishwe kabla hajakata tikiti ya ndege. Maneno yenyewe ni vuli, jangwa na kupita.

Tuanze na vuli. Ukitafuta katika kamusi jina la majira yale ambapo majani ya miti hupukutika huko Ulaya na Marekani, mara nyingi utapewa neno "vuli". Tafsiri hiyo imewafaa walimu wa shule, maana majira yale na vuli yetu huangukia karibu miezi ile ile. Lakini kuangukia mwezi mmoja si kufanana. Katika majimbo ya Utah na Arizona, kwenye mbuga za jangwani kama Zion, Arches na Canyonlands, mwisho wa majira hayo ni wakati wa raha. Joto limekwisha, na joto la jangwa lile si mchezo, kwani pale Death Valley huko California kipimo kilifika nyuzi 56.7 mwezi wa Julai 1913. Mvua za ngurumo za Julai hadi Septemba, ambazo hujaza makorongo ghafla na kusomba watu, nazo zimepita. Watalii wamepungua na hewa ni safi. Kwa hiyo mtu anayewashauri Wamarekani wazuru jangwa lao mwezi wa Novemba anawaambia kweli tupu.

Kwetu sisi, vuli ni mvua. Mkulima wa pwani asemapo vuli imeingia, hazungumzii majani, anazungumzia jembe. Jirani zetu Wasomali huyaita majira hayo deyr, na baada yake huja jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Jua linapoelekea kusini, ukanda wa mvua hulifuata, ukapita juu ya nchi yetu kati ya Oktoba na Desemba. Garissa, ambayo kwa mwaka mzima hupata milimita 300 na kitu tu, hupata sehemu kubwa ya mvua hizo katika miezi ya Aprili na Novemba. Msomaji aweza kusema kwamba milimita hizo ni kidogo mno kumzuia mtu mwenye gari. Ni kweli kwamba ni kidogo. Lakini sehemu nyingi za bonde la Tana ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita udongo wa mbuga. Ukikauka hupasuka nyufa. Ukilowa hunata na kuvuta kila kinachoukanyaga. Mvua ya saa moja yatosha kuigeuza njia ya vumbi kuwa mahali pa kulala.

Nasema hivi kwa kuwa nimeonja. Novemba ya mwaka 2019, mwaka ambao mvua za vuli zilizidi kiasi katika Afrika Mashariki yote, tulikuwa watu watatu tukitoka Garissa kwenda Hola kwa shughuli za kazi. Asubuhi mbingu zilikuwa nyeupe. Mama aliyetuuzia chai alituonya kwamba huko chini kumenyesha usiku kucha. Tukamjibu kwamba gari letu linavuta magurudumu yote manne. Tulipokaribia Nanighi, palipo kando ya Tana kati ya Garissa na Bura, mwenzetu mmoja akataka kuuona mto. Tukaiacha barabara kuu, tukafuata njia ya mifugo, na hatukufika hata nusu ya masafa tuliyoyakusudia. Gari lilizama hadi tumboni. Tulichimba kwa sahani na kifuniko cha sufuria, maana jembe hatukuchukua.

Kabla ya magharibi watu walitufikia. Mzee mmoja mfugaji alikuja na vijana wake. Wakakata matawi ya miti, wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma pamoja nasi hadi giza lilipoingia, wala gari halikutikisika. Mzee akasema tuliache mpaka udongo ukauke. Tulikaa kwake siku mbili, tukinywa chai ya maziwa na kula wali uliopikwa kwa ajili yetu, na watoto wake wakilala kubanana ili sisi tupate nafasi. Usiku wa pili akaniuliza:

"Mwanangu, nani aliwaambia mpite huku wiki hii?"

"Hakuna, mzee. Tulitazama ramani."

"Na ramani iliwaambia mvua imenyesha wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulipoondoka nilimpa fedha, akazikataa. Akakubali sukari na majani ya chai tu, tena baada ya kumsihi. Tangu siku hiyo sijaipanga safari ya nyika bila kulikumbuka swali lake.

Kuna jambo jingine ambalo ramani haisemi. Katika bonde la Tana waweza kufurikiwa bila tone moja la mvua kuanguka ulipo. Mto huu, mrefu kupita yote nchini Kenya, wenye takriban kilomita 1,000, huanzia kwenye Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Hupita katika mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo uteremke nyikani hadi Garissa, Nanighi, Bura, Hola na Garsen, na kumwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Mvua ikinyesha sana Nyeri na Embu, na Masinga ikajaa ikafurika, maji hayo yote hushuka huku. Mtu wa Nanighi huamka chini ya jua kali akakuta mto umepanda shambani kwake. Wazee wanaukumbuka mwaka 1961. Waliofuata wanaukumbuka mwaka wa 1997, mvua za El Niño zilipofanya barabara kuwa mito, na kisha homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu wilayani Garissa. Novemba 2023 barabara ya kuingilia Garissa kutoka Madogo ilikatwa na maji. Aprili 2024, safari hii ikiwa ni masika, basi lilisombwa na mafuriko katika barabara ya Garissa na abiria zaidi ya 50 wakaokolewa. Na mwisho wa mwezi huo huo, mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali palipofurika ilizama, watu wakafa. Hao hawakuwa watalii. Walikuwa watu wanaoijua njia, waliosafiri kwa kuwa hawakuwa na budi. Sembuse mgeni mwenye watoto wawili, ambaye safari yake ni ya hiari?

Tena nisije nikaeleweka vibaya, nikadhaniwa nayalaumu maji. Kwa Wapokomo na Wamalakote wanaolima kando ya Tana, kupanda kwa mto ndiyo mbolea na ndiyo umwagiliaji. Maji yakishuka huacha tope, na katika tope hilo hupandwa mpunga, mahindi na ndizi. Kwa mfugaji Mworma au Msomali, vuli njema ni majani, na majani ni maziwa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika nchi hii kavu, na mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuomba vuli isinyeshe ili gari la mtalii lipite. Mwenye kubadilisha siku ni msafiri.

Basi aje lini? Jibu langu ni kati ya mwisho wa Juni na Septemba, wakati wa kusi. Masika imekwisha, njia zimekauka, na usiku kuna ubaridi wa kumfanya mtu avute shuka. Nyasi zimeanza kupungua, kwa hiyo wanyama husogea karibu na maji na huonekana kwa urahisi. Januari na Februari nako ni kukavu, lakini joto ni kali, na ndio wakati ambao mfugaji anahesabu kila debe la maji. Si adabu kumfikia mtu na kuoga kwa maji yake wakati kama huo.

Neno la pili ni jangwa. Mpwa wangu ameliazima kutoka huko aliko, nami naona limepotosha hesabu yake kuliko hata vuli. Nchi ya kuanzia Kora hadi Tsavo si jangwa. Ni nyika. Anayetaka jangwa hasa na aende Chalbi, katika Marsabit, ambako ardhi ni chumvi na mchanga na upeo wa macho hauna mti. Nyika ina mti, ina miiba, ina kisima, na ina mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtu akisikia jangwa hudhani ni mahali pasipo watu, ambapo amekuja kutazama mawe na wanyama, kisha aondoke. Hata wazee wetu wa mwambao hawakosi lawama hapa, maana walilitumia neno nyika kwa dharau, wakawaita jirani zao wa bara Wanyika kama kwamba ni watu wasio na mji.

Tazameni hizo mbuga alizoziandika, moja moja, mwone kama zina maana bila watu wake. Kora ilijulikana duniani kwa ajili ya George Adamson, mzee wa simba, aliyehamia huko mwaka 1970 na kuuawa Agosti 1989, naye amezikwa huko huko karibu na nduguye Terence. Lakini waliofanya kazi naye kambini, waliojua alama za nyayo na mahali pa maji, wengine walikuwa wana wa vijiji vya Tana. Hifadhi ya nyani iliyo kaskazini ya Garsen, yenye kilomita za mraba 169 tu, ilitengwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na yule nyani mwembamba mwenye kishungi kichwani. Wote wawili hawapatikani popote pengine duniani isipokuwa katika misitu ya mto huu. Misitu hiyo hiyo ndiyo aliyokatia Mpokomo mtumbwi wake, na ndiyo inayokonda kila mto unapobadili mkondo au watu wanapobanwa na njaa.

Arawale nayo, iliyo ng'ambo ya mashariki ya mto, ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola, mnyama wa jamii ya kongoni, wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe katikati ya macho kama mtu aliyevaa miwani. Katika miaka ya 1970 hirola walihesabiwa kwa maelfu. Leo inakisiwa kuwa hawafiki 500. Ugonjwa wa sotoka, ukame, wawindaji na kupungua kwa majani viliwamaliza hata ndani ya mipaka iliyochorwa kwa ajili yao. Tumaini kubwa la mnyama huyu limetoka Ishaqbini, kusini zaidi, ambako wafugaji wenyewe walitenga ardhi yao ya jamii, na mwaka 2012 ukazungushwa uzio wa kuwalinda. Kwa maneno mengine, kibao cha serikali hakikutosha mpaka mwenye ng'ombe alipokubali.

Na Nanighi yenyewe, ambayo mpwa wangu ameipa neno la kupita, ina somo lake kuhusu mipango inayofanywa mbali. Katika miaka ya 1970 ulibuniwa mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Bura, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na familia za wakulima kutoka pande nyingi za Kenya zikaanza kuhamia huko mwaka 1981. Katika karatasi, maji yalikusudiwa kuzuiwa mtoni Nanighi ili yatiririke yenyewe mferejini hadi mashambani. Kizuizi hakikujengwa, badala yake ikawekwa mitambo ya dizeli ya kuvuta maji. Mitambo ilipoharibika, au mafuta yalipochelewa, pamba ilikauka mbele ya macho ya mwenyewe. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 mradi ulikuwa umezimika, na ilibidi kungoja hadi miaka ya 2010 ndipo serikali ilirudie wazo la mfereji unaotiririsha maji wenyewe. Wataalamu walijua hesabu zao vizuri. Lakini walipanga kwa kutegemea kitu ambacho mahali penyewe hapakuwa nacho, kama vile kijana wangu anavyopanga kutegemea Novemba kavu.

Sasa nije kwenye neno la tatu, kupita, ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika nyika hapana kupita. Kuna kufika na kuulizana habari. Msomali akikutana nawe njiani, salamu yake ni kukutaka utoe habari zako: Iska warran? Utaulizwa umetoka wapi, mvua imenyesha wapi, majani yakoje, kisima kipi kina maji, na je, kuna amani? Nawe utauliza hayo hayo. Mgeni wa mjini huona ni mazungumzo ya kupoteza wakati. La hasha! Hiyo ndiyo idara ya hali ya hewa, ndiyo kituo cha polisi na ndilo gazeti la nchi ile. Habari ya amani nayo si ya kuulizwa kwa mazoea tu. Tangu Agosti 2012 hadi mwanzo wa 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta ya Tana kwa ugomvi uliohusu maji, malisho na siasa, kati ya watu ambao kwa vizazi walikuwa wakiuziana samaki na maziwa. Upande wa mashariki, kuelekea mpaka wa Somalia na msitu wa Boni, mashambulizi ya wenye silaha yamewafanya watu wengi waihame njia. Nani atamweleza mgeni ni wapi pa kwenda na wapi pa kuacha, ikiwa ameziba vioo vya gari na kuandika kwamba anapita?

Kisha kuna haki. Anayepita hubeba maji yake kutoka Nairobi, mkate wake kutoka Nairobi na mafuta ya gari katika madumu. Hulipa kiingilio cha mbuga kwa simu kabla hajaondoka mjini. Anachokiacha Nanighi ni vumbi na chupa tupu. Lakini ndovu, viboko na nyati anaokwenda kuwatazama huko mbugani hawajui mpaka. Wakitoka usiku, anayepoteza shamba ni mtu wa kijijini, na mamba anapomkamata mtoto aliyekwenda kuteka maji, msiba ni wa kijiji. Sioni uadilifu wowote katika safari ambayo hasara yake ni ya mwenyeji na picha zake ni za mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni hashuki garini?

Kwa hiyo nimempangia mpwa wangu safari hivi. Meru na Kora nimemwondolea, aziweke kwa mwaka mwingine. Atakayejaribu kuyaona yote kwa siku nane hataona ila usukani. Arawale pia nimemwondolea, mpaka watu wa huko watakapomwambia kuwa ni salama. Siku ya kwanza atoke Nairobi kwa lami kupitia Mwingi hadi Garissa, karibu kilomita 370, na alale hapo. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, aulize hali ya njia kwa polisi, kwa madereva wa mabasi na kwa mama wa chai, na wakitofautiana amsikilize mwenye tahadhari zaidi. Siku ya pili na ya tatu awe Nanighi na Bura. Atafute mwenyeji wa kumwongoza, amlipe ujira wake kamili, awapeleke watoto mtoni asubuhi waone viboko kutoka mbali, na jioni waone ng'ombe wakirudi. Siku ya nne alale Hola. Siku ya tano aingie katika misitu ya nyani pamoja na mwongozaji wa kijijini. Siku ya sita avuke Garsen, ashuke Malindi apumzike na kufua nguo. Siku ya saba na ya nane aingie Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, aufuate Mto Galana, na kutokea Voi. Mbuga hiyo, iliyotangazwa mwaka 1948, ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na katika ukame wa 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa humo. Atakapowaona ndovu wekundu kwa vumbi wakichimba maji mchangani, atakuwa ameshajifunza Nanighi kwa nini wanachimba.

Garini achukue magurudumu mawili ya akiba, jembe, panga, kamba nene ya kuvutia, jeki pamoja na kipande cha ubao cha kuizuia isizame, dawa za huduma ya kwanza, na maji ya kunywa kwa kila mtu ya siku mbili zaidi ya anazozihesabu. Achukue pia sukari na majani ya chai. Asiendeshe usiku. Akifika kwenye maji yanayopita juu ya barabara, asimame, ashuke, akae chini ya mti. Maji yakiwa yanakwenda, hata kama ni ya magotini, hayapimwi kwa gari.

Nina neno pia kwa wenzetu wanaouza safari na wanaoandika vitabu vya kuwaongoza wageni. Yafaa waache kuchapisha misimu ya Ulaya kwa maneno yetu. Waandike vuli na waeleze kuwa ni mvua. Waandike masika, kusi na kaskazi. Na chini ya majina hayo waweke yale ya Kisomali, Kiorma na Kipokomo, kwa kuwa hao ndio wenye barabara. Sisi wa magazeti nasi tujisahihishe. Mara ngapi tumeitaja Tana River siku za mafuriko na siku za vita tu, kisha tukashangaa kwamba vijana wetu walioko ng'ambo wanaijua kama nafasi tupu kati ya mbuga mbili?

Mpwa wangu amenijibu. Anasema likizo ya shule ya watoto huko ni Julai na Agosti, kwa hiyo kwa upande huo ingewafaa kuliko Novemba, lakini nauli za ndege miezi hiyo zimepanda sana na mkewe anataka wafikirie tena. Yawezekana wasije mwaka huu. Hilo linaniuma, na mama yake linamuuma zaidi, maana hao wajukuu hajawashika mkononi. Hata hivyo sikubadili ushauri wangu. Nimemwandikia kuwa, kama fedha hazitoshi, apunguze siku za Malindi na Tsavo, asipunguze zile za Nanighi. Na kwamba bibi yao yuko tayari kupanda basi hadi Garissa kuwalaki. Nimempa pia salamu za mzee wangu wa Nanighi, nilizozipata kwa simu wiki iliyopita. Nilipomweleza kuwa kuna wageni watakaokuja na watoto kutoka Marekani, hakuuliza watakuja na nini. Aliuliza mwezi gani. Nikamwambia Julai, inshallah. Akasema, "Hapo sawa."